Mwana: Asili na Maana ya Cheo cha Kifalme cha Wanawake wa Pwani

Neno la cheo ni mfano wa chungu cha kale kinachofukuliwa katika magofu. Aliyekifinyanga amekwisha kufa wala jina lake halitajwi tena, lakini alama za vidole vyake zingali ukingoni, na mwenye kutazama kwa makini hutambua jinsi mikono ile ilivyofanya kazi. Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja la namna hiyo, nalo ni Mwana, lililokuwa cheo cha wanawake wa nyumba za kifalme katika pwani ya Waswahili. Tutaeleza asili yake, tutawataja baadhi ya wanawake waliotawala katika pwani hiyo, kisha tutafuata njia ya neno hilo hadi siku zetu. Hoja yetu ni kwamba neno hili limehifadhi habari ya haki ya mwanamke katika utawala wa wazee wetu, habari ambayo neno tulitumialo siku hizi haliwezi kuitoa.

Neno hilo la siku hizi ni malkia. Limetoka katika Kiarabu, nasi hatuna ugomvi nalo. Limekwisha kuwa letu kama yalivyokuwa yetu maneno sultani, waziri na diwani. Lakini lina upungufu mmoja. Mwanamke anayetawala nchi ni malkia, na mke wa mfalme, asiyetawala lolote, naye ni malkia. Msikilizaji hawezi kujua kwa neno lenyewe kama mama huyu ameketi katika kiti kwa haki yake mwenyewe, au ameketi kando ya kiti cha mumewe. Tena, kwa kuwa neno hilo lilisikika shuleni kwa miaka mingi pamoja na majina ya Victoria na Elizabeth wa Uingereza, vijana wengi wamekua wakidhani kwamba mwanamke kutawala ni jambo lililoletwa na meli za Wazungu. La hasha! Jambo hilo lilikuwako hapa, na lilikuwa na jina lake.

Kila ajuaye Kiswahili anajua kwamba mwana ni mtoto. Shina la neno hili limeenea katika lugha nyingi za jamii ya Kibantu: Waganda husema omwana, Wanyarwanda husema umwana, na Washona huko kusini husema mwana kama sisi. Basi, imekuwaje neno la mtoto, ambaye hutumwa kuteka maji na kukatazwa kusema mbele ya wakubwa, likawa cheo cha mtu mzima, tena wa kuheshimiwa na kuogopwa?

Jawabu limo katika fikira za watu waliohesabu sana nasaba. Binadamu wote ni wana wa watu, na kwa kawaida husemwa mwana wa fulani. Lakini mtu akiitwa Mwana, basi, bila kutajwa mzazi, ni kwa sababu mzazi huyo hana haja ya kutajwa. Mji mzima unamjua. Yeye ndiye mwana wa nyumba ile ambayo mbele yake nyumba nyingine zote ni za watu tu. Kwa hiyo cheo hiki ni sentensi iliyofupishwa: mwana wa mfalme, mwana wa wenye mji, mwana wa waliotangulia. Wala Waswahili si peke yao waliopita njia hii. Katika Uhispania na Ureno binti wa mfalme huitwa infanta, neno ambalo asili yake katika Kilatini ni mtoto mchanga asiyejua kusema. Watu wa mbali, wasioambizana, wamefikia fikira moja: kwamba mtoto wa mfalme hubaki mtoto wa mfalme hata akiwa na mvi.

Huenda msomaji akatupinga na kusema kwamba haya ni maneno ya kubuni, na kwamba Mwana katika majina ya wanawake wa pwani ni mtoto tu wala si zaidi. Mwanajuma, atasema, ni mtoto aliyezaliwa Ijumaa, na Mwanahamisi ni mtoto aliyezaliwa Alhamisi. Hoja hii ni nzuri, na yastahili kujibiwa kwa majina yenyewe. Ikiwa Mwana hapa ni mtoto, mbona mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa haitwi Mwanajuma? Yeye huitwa Juma. Na katika koo zilizoshika majina ya kale huitwa Mwinyijuma. Kadhalika Mwanahamisi ana mwenzake Mwinyihamisi, na Mwanakombo ana mwenzake Mwinyikombo. Majina haya yametengenezwa kwa kalibu moja, na kila lililo na Mwana kwa upande wa kike lina Mwinyi kwa upande wa kiume. Sasa, Mwinyi si mtoto. Mwinyi ni mwenye, yaani mwenye mji au mwenye nchi, na huko Unguja mtawala wa wenyeji aliitwa Mwinyi Mkuu hadi karne ya 19. Ikulu yao ya mwisho ilikuwa Dunga, na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865. Ikiwa Mwinyi ni cheo, basi Mwana aliyesimama mkabala naye hawezi kuwa kitoto. Ni cheo pia.

Tena tazama tofauti ya maana iliyomo katika jozi hii. Mwinyi hutaja kumiliki. Mwana hutaja kuzaliwa. Mtu aweza kupata umwinyi kwa upanga, kwa mali, au kwa ndoa njema. Mgeni aliyeshuka jahazini aweza kuoa katika nyumba ya wakubwa, na miaka ishirini baadaye akaitwa mwenye mji. Lakini uana haupatikani hivyo. Hapana upanga uwezao kumfanya mtu azaliwe upya. Katika miji ya pwani, ambako wanaume wageni walikuwa wakifika kila msimu wa pepo za kaskazi, binti wa nyumba ya kale alikuwa ndiye mzizi wa haki ya mji. Mapokeo mengi ya pwani yanasimulia ndoa ya mgeni na binti wa wenyeji kuwa ndio mwanzo wa ukoo mpya wa watawala. Mgeni alileta bidhaa na silaha. Mwana alileta ardhi na haki.

Sasa na tuwatazame wenyewe. Wa kwanza ni Mwana Mkisi wa Mombasa. Mapokeo ya watu wa mji huo yanasema kwamba kabla ya Shehe Mvita, aliyeanzisha ukoo mwingine wa watawala na kuuachia mji jina lake la Mvita, alikuwako mwanamke huyu, naye mji wake uliitwa Kongowea. Katika koo za kale za Mombasa zimo zinazojivunia kuwa zimetoka kwake. Hili ni jambo la kuangaliwa sana. Watu wanaotaka kuthibitisha kwamba wao ni wenyeji wa mji kuliko wengine hawalitaji jina la shujaa aliyeuteka, bali hulitaja jina la mwanamke aliyekuwamo kabla hajatekwa mtu.

Tukivuka bahari kwenda Unguja tunatoka katika mapokeo na kuingia katika karne ya 17, ambayo habari zake zimeandikwa. Katikati ya karne hiyo kisiwa kilitawaliwa na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Mwana Mwema. Wakati huo Wareno walikuwa wamekwisha kukaa pwani kwa miaka mia moja na nusu, na watu walikuwa wamechoshwa nao. Waomani walipokuja kuwashambulia Wareno mwaka 1652, Mwana Mwema alichagua upande wa Waomani, na mwaka uliofuata Wareno walirudi kumwadhibu kwa uchaguzi huo. Kabla karne haijaisha, kiti cha Unguja kilikaliwa na mwanamke mwingine, Fatuma, aliyeolewa na Abdullah, mfalme wa Utondwe katika pwani ya bara. Yeye akachagua upande uliokuwa kinyume. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilipozingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696, Fatuma aliwapelekea chakula Wareno waliokuwa ndani. Ngome ilianguka mwezi wa Desemba 1698. Waomani wakaja Unguja, wakamchukua Fatuma hadi Maskati, na huko alikaa uhamishoni miaka kama kumi kabla ya kurudishwa nyumbani.

Hatuwataji wanawake hawa wawili ili kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Kila mmoja alikuwa katikati ya mataifa mawili yenye mizinga, naye hakuwa na mizinga. Tunawataja kwa sababu walichagua, na uchaguzi wao ukawagharimu wao wenyewe. Mtu ambaye ni pambo la kiti hapelekwi uhamishoni miaka kumi. Waliomchukua Fatuma walijua kwamba amri ya kupeleka chakula ilitoka kwake.

Kusini, huko Kilwa, tunakutana na mwanamke mwingine wa wakati huo huo. Zimehifadhiwa Goa, nchini India, barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, nazo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu. Mmoja wa waliozipeleka ni Fatima, mtawala wa Kilwa, naye anaitwa Mfalme Fatima. Neno mfalme, ambalo washairi wa kaskazini hulitamka mfaume, halina jinsia katika Kiswahili. Anayetawala ni mfalme, awe mume au mke. Hali kadhalika neno jumbe: huku Mrima limezoeleka kuwa la wakubwa wa kiume, lakini katika kisiwa cha Mwali, huko Komoro, Jumbe Fatima alikuwa mwanamke, naye alitawala katika karne ya 19. Basi lugha ilikuwa na njia mbili za kumtaja mwanamke mwenye nchi. Ikitaja kazi yake ilisema mfalme, kama ingesema kwa mwanamume. Ikitaja haki iliyompa kazi hiyo ilisema Mwana.

Wa mwisho katika orodha yetu ni Mwana Khadija wa Pate, wa ukoo wa Nabahani, aliyetawala katika miaka ya 1760 na kufariki mnamo mwaka 1773. Habari za Pate zinaukumbuka wakati wake kuwa wakati wa fitina, kwani Sultani Omari naye alikitaka kiti, na watu wa pande mbili walipigana mitaani katika mji mmoja. Wapo wanaoisoma habari hii na kusema: tazama, mwanamke akitawala huzuka vita. Watu hao na wasome kurasa zilizotangulia na zinazofuata. Wataona kwamba wanaume wa Pate nao walipigana juu ya kiti hicho, kabla ya Mwana Khadija na baada yake, wala hapana aliyesema kwamba sababu ilikuwa uanaume wao.

Ili maana ya cheo hiki iwe wazi zaidi, yafaa tukilinganishe na vyeo vya wanawake katika falme za bara. Huko Buganda mwanamke mkubwa kuliko wote alikuwa Namasole, mama yake Kabaka, mwenye ikulu yake, wakuu wake na ardhi yake. Huko Rwanda mama wa mfalme alitawala pamoja na mwanawe, na jina lake la kifalme lilitoka katika jina la mwanawe: mfalme akiwa Yuhi, mama yake huitwa Nyirayuhi, ndiyo kusema mama wa Yuhi. Nyirayuhi Kanjogera, aliyekuwa nguvu ya kiti cha Yuhi Musinga tangu mwaka 1896, aliogopwa nchi nzima. Vyeo hivi ni vikubwa, wala hatuvidharau. Lakini vyote viwili vinamtazama mwanamke kwa kupitia mwanamume aliyemzaa. Cheo cha pwani kinamtazama kwa kupitia nyumba iliyomzaa yeye. Namasole bila Kabaka hayuko. Mwana asiye na mume wala mtoto bado ni Mwana.

Hata hivyo, historia ya neno ni kama maji ya mto: hayakai yalikozaliwa. Kwa muda cheo cha Mwana kilishuka kutoka katika viti vya enzi, kikaingia katika nyumba za waungwana wote. Mke mkubwa wa nyumba akaitwa mwana kama mumewe alivyoitwa bwana, na watoto wa adabu wakamwita mama yao hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, hakuwa na kiti cha enzi. Lakini utendi aliomtungia binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858, umedumu kuliko enzi nyingi. Katika nyumba kama ile, mama ni Mwana na binti ni Mwana, na adabu ya cheo hurithishwa pamoja na jina.

Lakini tusiifiche kweli. Nyumba za akina Mwana zilikuwa na watumwa. Kwa mjakazi aliyepika, aliyetwanga na aliyefua, mwana lilikuwa jina la bibi aliyemmiliki. Mjakazi hakuitwa hivyo, wala binti yake hakupewa jina hilo. Neno lililokuwa likisema “huyu amezaliwa na watu” lilikuwa likisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba wapo waliohesabiwa kuwa hawakuzaliwa na mtu. Mkataa nasaba za wenziwe huyu ndiye yule yule aliyehifadhi haki ya binti wa mfalme. Cheo kimoja kilibeba haki na dhuluma katika pakacha moja, nasi tunaoandika habari za utamaduni hatuna ruhusa ya kuchagua upande mmoja wa pakacha.

Katika karne ya 19 yalikuja maneno mengine ya heshima. Katika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan huko Unguja wanawake wa ukoo waliitwa Sayyida na Bibi, na neno bibi likaenea hata likawa la kila mwanamke mzima. Siti nalo, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana hiyo hiyo ya mwanamke mwenye heshima. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wenye kutunga vyeo hawakulitazamia. Mnamo mwaka 1880 alizaliwa kijijini Fumba msichana aliyepewa jina la Mtumwa binti Saad. Alifinyanga vyungu na kuviuza akitembea kwa miguu. Alipohamia mjini sauti yake ikasikika, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Watu hawakuweza tena kumwita Mtumwa, wakamwita Siti. Kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa jina hilo alizikwa mwaka 1950. Cheo kilichokuwa kikitolewa na nasaba, safari hii kilitolewa na wasikilizaji.

Jambo kama hilo lililipata neno Mwana, ila bila kelele. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Watu waliokuwa wamenyimwa nasaba walianza kuwapa watoto wao majina waliyoyataka wenyewe, na majina yaliyokuwa ya nyumba chache yakawa ya watu wote. Leo Mwanaidi, Mwanaisha, Mwanahawa na Mwanahamisi wako Tanga, Bagamoyo, Lindi na Kigoma. Wako mashambani, sokoni na katika viti vya Bunge. Wapo wazee wanaosikitika kwamba majina ya wakubwa yametawanyika ovyo. Sisi hatusikitiki. Mtoto wa mjakazi alipoitwa Mwana ndipo neno hilo liliposema kweli kwa mara ya kwanza, maana yeye naye alikuwa amezaliwa na watu.

Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwezi wa Machi 2021, hapana aliyehangaika kutafuta neno la kike la cheo chake. Rais ni Rais, kama Mfalme Fatima wa Kilwa alivyokuwa mfalme. Lugha yetu ilikuwa tayari kwa jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Lipo ombi letu dogo kwa walimu wanaosoma orodha za majina darasani kila asubuhi, na kwa makarani wenzetu wanaoyaandika katika vyeti. Majina haya yasikatwe. Mwanahawa asiandikwe Hawa kwa kuwa ni fupi, wala Mwanajuma asigeuzwe Juma kwa kuwa karani amedhani sehemu ya kwanza ni maelezo tu. Na mwalimu wa historia akifika katika somo la Wareno na Ngome ya Yesu, na amsimamishe msichana mmoja mwenye jina hilo, awaambie wenzake: mwenye cheo hiki aliwahi kutawala Unguja, na huyu mwenzenu amekirithi.